Bei ya Kwanza

Siku Bibi Aikaeli alipopotea kwa mara ya tatu, mwanawe Ephraimu alikuwa amesimama mbele ya watumishi arobaini wa serikali, katika ukumbi mmoja wa mjini Arusha, akiwafundisha namna ya kutatua matatizo. Hiyo ndiyo kazi yake. Ameisomea, ana vyeti, na watu humwita kutoka mbali aje kuwaeleza kwamba tatizo lina kichwa na lina mkia, na kwamba ukilishika mkia litakuburuza. Wasikilizaji huipenda sana kauli hiyo. Huiandika na kupiga mstari chini yake.

Simu ilipoita mara ya tatu akaipokea, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu mstaarabu. Alichosahau ni kwamba kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa kwenye ukosi wa shati lake.

“Amepatikana wapi?” ukumbi mzima ukasikia. “Barabara ya Moshi? Peku? Na beseni kichwani?”

Mtu mmoja wa nyuma akacheka, kisha akajuta. Wengine wakatazama makaratasi yao kwa bidii ambayo hawakuwa nayo asubuhi yote. Ephraimu akabandua kile kipaza sauti, akaomba udhuru, akatoka bila kuchukua koti. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema mganga afanye nini wagonjwa wakishajua.

Mama yake alikuwa ameshikwa mkono na askari wa usalama barabarani, dada mmoja mpole, kando ya lami. Malori yalikuwa yakipita karibu nao kiasi cha kupeperusha kanga zake. Aliposikia anaambiwa mwanawe amekuja kumchukua, alimtazama Ephraimu kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni wa jirani. Akamwomba yule askari amwachie awahi, kwa maana watu wanamsubiri.

Jioni hiyo kikao kilifanyika sebuleni, Moshono. Ephraimu alibandika karatasi kubwa ya semina ukutani, akachukua maka peni nyekundu na kuandika: TATIZO: MAMA ANATOKA. Mkewe Agnela, ambaye hushona sare za shule kwa cherehani iliyoko barazani, alikaa na sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi. Skolastika, dada wa kazi, binti wa Kimbulu wa miaka ishirini na minne, alisimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuna aliyemwambia aketi.

Njia aliyoitumia Ephraimu ni ile ya kuuliza “kwa nini” mara tano, mpaka ufike kwenye mzizi. Kwa nini mama anatoka? Kwa sababu geti linakuwa wazi. Kwa nini linakuwa wazi? Kwa sababu Skolastika hakulifunga. Kwa nini hakulifunga? Alikuwa akianua nguo. Kwa nini alikuwa akianua saa hiyo? Kwa sababu mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Na kwa nini mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani? Hapo mwalimu akasita, maana Mlima Meru hauna dawati la malalamiko. Akarudi kwenye swali la pili, akalizungushia duara. Jina la Skolastika likabaki katikati ya duara hilo, jekundu, na mwenye jina akalitazama mpaka macho yakamlowa.

Bibi Aikaeli alikuwa kwenye kochi, ameegemea mto. Aliitazama ile karatasi kwa muda.

“Hayo ni mahesabu ya kahawa?” akauliza.

“Hapana, mama. Ni mambo ya nyumbani.”

“Wasiwapunje,” akasema, akafumba macho.

Kesho yake Ephraimu akanunua kufuli la shaba, zito. Ufunguo akauvaa Agnela shingoni.

Kufuli lilifanya kazi yake. Ndani ya wiki mbili Bibi Aikaeli hakufika barabarani hata mara moja. Alifika getini. Alisimama pale akishika nondo, akimweleza kila aliyepita kwamba amezuiwa na watu asiowajua na kwamba ndizi zake zinaoza. Waliomfahamu walimzoea. Wasiomfahamu walipunguza mwendo, wakatazama namba ya nyumba.

Kisha akaacha kula. Hakukataa kwa hasira. Alikataa kwa heshima zote. Alisukuma sahani ya mtori wa ndizi na kusema hawezi kula chakula cha watu wakati hajauza kitu cha kuwalipia. Agnela alimbembeleza kwa Kiswahili, Ephraimu akambembeleza kwa Kimeru, na wote wawili akawashukuru na kufunga mdomo. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana chini ya gauni.

Jumapili baada ya ibada wakaja wageni watatu, mzee wa kanisa Solomoni na akina mama wawili wa umoja wa wanawake. Walikunywa chai, wakasifu maua, wakazunguka mbuyu mpaka biskuti zikaisha. Ndipo Mzee Solomoni akasema kwamba usharika umesikia maneno, na yeye haamini maneno, lakini ameona aje aone kwa macho yake kama ni kweli mama anafungiwa. Alisema hivyo huku akilitazama kufuli. Ephraimu, mtu aliyezoea kujibu maswali ya wakurugenzi, alijikuta anajieleza kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Waliagana vizuri. Agnela aliosha vikombe vyote mwenyewe, akikataa kusaidiwa, maana hakutaka mtu amwone.

Walimpeleka hospitali. Walikuwa wameshaambiwa tangu mwaka juzi kwamba ugonjwa wa kusahau wa namna hii haurudi nyuma. Safari hii walipewa vidonge vya kumtuliza. Vidonge vikamtuliza kweli. Alilala mchana, akala kidogo akiwa nusu usingizini, udenda ukimtoka, na siku ya nne akaanguka bafuni akapasuka juu ya jicho. Daktari aliyemshona alikuwa kijana, na alisema nao bila kuzunguka. Vidonge hivyo viachwe. Lakini mgonjwa amekwisha mwili, na akiendelea hivi hatafika Krismasi. Na akiachiwa barabarani, gari moja tu linatosha.

“Kwa hiyo tuchague lipi?” Agnela akamuuliza.

Daktari akasema hilo hakulisoma shule.

Aliyeanza kulifungua fundo hilo ni yule ambaye jina lake liliandikwa kwa wino mwekundu. Ilikuwa asubuhi, Agnela anamkata Bibi kucha, Skolastika ameshika beseni la maji. Akasema ana neno, ila angeomba baba asijue limetoka kwake, maana yeye ameshaonekana mzembe na hataki tena kuonekana mjuaji.

“Sema.”

“Mama, Alhamisi ile kabla ya kufuli, mafundi wa maji walipokuja, geti lilikuwa wazi tangu asubuhi mpaka saa kumi. Bibi alikaa hapa hapa anapukuchua maharage. Hakulitazama. Anatoka Jumanne na Jumamosi. Zote tatu nimezihesabu. Jumanne, Jumamosi, Jumanne.”

Agnela aliacha kucha. Jumanne na Jumamosi. Kwa miaka thelathini na minne mama mkwe wake alikuwa akiamka alfajiri siku hizo mbili, anajitwisha ndizi na kwenda kuziuza soko la Kikatiti. Ndizi hizo ndizo zilizomsomesha Ephraimu mpaka akapata vyeti vya kufundishia watu hatua za kutatua matatizo. Bibi alikuwa amesahau jina la mwanawe, amesahau kifo cha mumewe, amesahau hata chumvi ni ya nini, lakini kalenda ya soko haikumtoka. Hakuwa anapotea. Alikuwa anakwenda kazini.

Ephraimu alipoambiwa, Agnela alilificha jina la Skolastika kama alivyoombwa. Lakini Ephraimu si mjinga, na tena si mtu mbaya. Alisimama mbele ya karatasi yake muda mrefu. Alikuwa ameuliza kwa nini mara tano na hakuuliza lini hata mara moja. Akaibandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaenda jikoni. Alimwomba Skolastika msamaha akiwa amesimama, na Skolastika akaupokea huku akisugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi.

Basi wazo likaja, na lilikuwa la Agnela. Kama mama hawezi kuacha kwenda sokoni, soko lije kwake. Wanunue ndizi, wamtandikie turubai chini ya kivuli cha uani, majirani waje wanunue. Majirani watarudishiwa fedha zao baadaye. Ephraimu akaliona wazo hilo na kulipenda mno, na kama ilivyo desturi ya wasomi wakilipenda wazo la mtu, akalichukua na kuliendesha. Alipita nyumba kwa nyumba. Mzee Reginald wa nyumba ya mkabala, mstaafu wa benki, akakubali. Theresia mwenye saluni akakubali. Watu kumi na wawili wakakubali, na wote walisema ni wazo la kiutu.

Jumamosi ikafika. Bibi Aikaeli aliona mikungu imelazwa uani, akasimama wima namna ambayo hawakuwa wameiona kwa mwaka mzima. Alifunga kilemba. Alizitenga kisukari mbivu upande wake na mshale za kupika upande wake, akakata chane kwa kisu kwa mkono usiotetemeka. Akaketi. Agnela alilia kidogo nyuma ya pazia, kwa furaha.

Majirani wakaingia wakitabasamu. Mzee Reginald alikuwa wa kwanza. Aliuliza bei ya chane ya kisukari, Bibi akataja elfu tano, mara mbili na zaidi ya bei ya mjini. Mzee Reginald akatoa noti ya elfu tano, akaishika kwa mikono miwili, akasema ahsante sana bibi, Mungu akubariki. Theresia akaja, naye akalipa alichotajiwa. Kila aliyekuja alilipa alichotajiwa, akainama, akashukuru. Kwa dakika ishirini turubai likawa tupu. Ephraimu alikuwa amepiga picha nyingi, na moyoni alikwishapanga kuzionyesha kwenye semina ya mwezi ujao.

Bibi Aikaeli alizitazama noti zilizojaa mapajani pake. Akamtazama Mzee Reginald, aliyekuwa bado amesimama akimtabasamia kama mtu anayemtazama mtoto akiimba kanisani. Akazifunga zile fedha kwenye pindo la kanga, fundo moja, fundo la pili. Uso wake ulikuwa umefungika.

Majirani walipewa chai. Watu waliingia na kutoka, wakipongezana. Chai ilipoisha, geti lilikuwa wazi, na Bibi Aikaeli hakuwepo.

Safari hii hawakumkuta barabara ya Moshi. Walikwenda mpaka Tengeru wakiuliza, wakarudi, wakauliza kwa madereva wa bodaboda, wakauliza hospitali. Ephraimu aliendesha gari, na Agnela akiwa kando yake aliomba kimoyomoyo kwamba kama ni gari, basi liwe limemchukua mara moja. Baadaye aliona aibu kwa ombi hilo. Lakini aliliomba.

Saa tisa simu ikaita. Ilikuwa namba ngeni, na sauti ya mwanamke mtu mzima mwenye Kiswahili chenye uzito wa Kimaa. Alisema ameiona namba hii imeshonwa kwenye pindo la gauni la rafiki yake. Yeye ni Namnyaki, anauza maharage Kikatiti. Aikaeli yuko hapa, ni mzima, amekula.

“Amekula?” Ephraimu akauliza. Hilo ndilo lililomshangaza zaidi.

Jinsi alivyofika ilikuwa rahisi kuliko walivyofikiri. Alikuwa na fedha. Wao wenyewe walikuwa wamempa nauli.

Walimkuta ameketi juu ya gunia, kati ya maharage na vitunguu, mgongo umenyooka. Ephraimu akamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, karibu mteja. Ephraimu alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, ila si kwa neno mteja.

Namnyaki, mwanamke mrefu mwenye mashimo makubwa masikioni na shanga chache tu, aliwavuta pembeni. Alisema mwenzake amefika na malalamiko. Amesema amewekwa kwa watu wanaomcheka. Wamemleta mbele ya watu, wamenunua ndizi zake zote, wakamfanya mwehu.

“Hatukumcheka,” Agnela akasema. “Walikuja kwa upendo. Walimlipa kila alichotaja.”

“Alichotaja kwanza?”

“Ndiyo.”

Namnyaki akamtazama kama mtu aliyeambiwa wamempikia mgeni mawe.

“Mama, bei ya kwanza si bei. Ni salamu,” akasema. “Mimi nikisema elfu tano, nimekuambia hujambo. Wewe ukisema hizi zimeoza, umeniitikia. Sasa mtu akunyamazie, akupe elfu tano, aondoke? Hapa tukimwona wa hivyo tunaishika noti juani, kama si bandia. Na kama noti ni nzima, basi amekuhurumia. Anayekuhurumia amekuona umekwisha. Aikaeli amekaa hapa miaka yote hiyo, hajawahi kuhurumiwa. Hata siku aliyotoka kumzika mumewe nilivutana naye bei kama kawaida, akanitukana, tukacheka.”

Ephraimu alikuwa ametoa kalamu. Mazoea hayamwachi mtu. Namnyaki akaiona kalamu, akatikisa kichwa, akarudi kwa mwenzake. Akachukua kiroba kidogo cha maharage yake mwenyewe, akamwekea Bibi Aikaeli mbele na kuuliza ni kiasi gani. Bibi akataja bei. Namnyaki akaguna. Akasema kwa bei hiyo atauziwa hata shamba lenyewe. Bibi akasema shamba atalifanyia nini, yeye anayefuga mbuzi watatu? Namnyaki akageuka kuondoka. Hakufika mbali, hatua tatu. Bibi akamwita, akashusha. Namnyaki akataja nusu. Bibi akaapa, akawaita watu wote wa soko washuhudie. Ilichukua kama robo saa, na kiroba chenyewe kilikuwa cha Namnyaki tangu mwanzo. Walipokubaliana, Bibi Aikaeli alikuwa na jasho juu ya mdomo, na macho yake yalikuwa ya mtu aliye nyumbani kwake. Akampa Namnyaki konzi moja ya maharage zaidi, nyongeza.

Ephraimu alirudisha kalamu mfukoni. Alikuwa amefundisha mambo mengi kwa miaka kumi na tisa, na hakuwahi kuona somo likifundishwa vizuri namna ile.

Kumwacha Kikatiti haikuwezekana. Nafasi yake ya zamani ilikuwa imeshachukuliwa, barabara iko hatua chache tu, na jioni ile walilazimika kumbeba mpaka garini kwa uchovu. Alilala njia nzima, kichwa begani kwa Agnela. Kufika nyumbani akala ugali wote.

Jumatatu Ephraimu aliwaita tena wale majirani. Ilikuwa semina ngumu kuliko zote alizowahi kuendesha. Aliwashukuru kwa wema wao, kisha akawaomba wauache getini. Akawaeleza kwamba kesho wakija, wazitukane ndizi. Wakasirike. Waondoke na kurudi. Asiye na nusu saa asije.

Theresia alielewa mara moja. Mzee Reginald alipata shida. Maisha yake yote alisimama nyuma ya kioo cha benki, mahali ambapo noti ni noti, na hakuona namna ya kumwambia mwanamke wa miaka sabini na nane, mgonjwa, kwamba ndizi zake hazifai. Alisema ni dhambi. Skolastika akaombwa amfundishe. Akamsimamisha uani, akachukua chungwa, akataja bei, na kila Mzee Reginald alipoanza kwa “samahani bibi” alimrudisha nyuma kwenye geti. Mara ya sita mzee akasema kwa sauti nyembamba kwamba chungwa hilo limekauka kama moyo wa aliyelichuma. Skolastika akamwambia hapo sasa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu binti huyo kucheka kwenye nyumba ile.

Jumanne asubuhi turubai likatandikwa. Bibi Aikaeli akapanga bidhaa zake bila kumtazama mtu. Hakuwa amesahau aibu ya Jumamosi, au mwili wake haukuwa umeisahau. Theresia akaja, akauliza bei, akapiga kelele. Bibi akainua kichwa. Walivutana, Theresia akatoka mpaka nje ya geti, akaitwa, akarudi. Alipoondoka na chane yake Bibi alikuwa ananong’ona peke yake, ameridhika, akimsema. Mzee Reginald akaja, akasema lake la moyo mkavu, akajibiwa maneno ambayo mkewe aliyasikia kutoka upande wa pili wa barabara. Soko lilianza saa tatu. Saa saba lilikuwa bado halijaisha. Geti lilikuwa wazi muda wote, na hakulitazama.

Wa mwisho alikuwa Ephraimu. Agnela alimwambia si lazima. Alisema ni lazima, ila hakueleza kwa nini. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba, akaingia kwa geti kama wengine. Akaamkia. Akaitikiwa kibiashara.

Chane moja ya kisukari ilikuwa imebaki. Bei ilikuwa elfu nne. Ephraimu akaichukua, akaigeuza. Hajawahi kupunguziwa bei ya kitu maishani mwake. Hununua vitu vyenye bei zilizobandikwa.

“Hizi hazikuiva mtini,” akasema. “Zimelazimishwa kwa moshi.”

“Moshi? Mimi?” Bibi Aikaeli akanyanyuka nusu. “Muulize yeyote toka hapa mpaka mlimani kama Aikaeli anajua kuivisha kwa moshi.”

“Nitatoa elfu moja.”

“Kwa elfu moja kanunue maganda.”

Akageuka kuondoka, kama alivyofundishwa. Hatua moja. Mbili. Tatu. Hakuna aliyeita. Alisimama pale, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mgongo kwa mama yake, na hofu iliyompata haikuwa ya mchezo. Alikuwa na hakika kwamba hataitwa.

“Wewe,” akasikia. “Njoo. Una haraka ya nini?”

Wakamalizana kwa elfu mbili na mia mbili. Alihesabiwa chenji sawasawa. Kisha Bibi Aikaeli akainama nyuma yake, pale alipokuwa ameficha kitu chini ya kanga iliyokunjwa. Akatoa ndizi mbili, zimeiva vizuri.

“Una mama wewe?”

“Ninaye.”

“Mzima?”

“Anaumwa kidogo.”

“Hizi si za kuuza. Mpelekee,” Bibi akasema. “Mwambie azile leo, zisilale.”

Akazipokea kwa mikono miwili. Akatoka nazo getini, akazunguka nyumba, akaketi kwenye kiti cha jikoni. Agnela aliingia akamkuta amezishika hivyo hivyo, akatoka na kurudisha mlango.

Saa kumi Bibi Aikaeli alikuwa ameoga, amekaa barazani, miguu kwenye jua, amechoka uchovu mwema. Ephraimu akaja na kigoda akakaa karibu yake. Alikuwa ameagizwa mzigo, na mzigo haulali. Akamenya ndizi moja, akampa.

“Mama, umeletewa hizi. Nimepewa na mama mmoja wa sokoni.”

Bibi Aikaeli akaipokea, akaigeuza, akaing’ata kidogo kwa ncha ya meno. Alitafuna muda mrefu, akitazama mbele, kwa ule umakini wa mtu anayejua kitu chake.

“Moshi,” akasema. “Amekupunja, mwanangu.”

Wazee humwita mtu yeyote mwanangu. Humwita hivyo muuza maziwa, humwita hivyo askari wa barabarani. Ephraimu alijua, na ni mtu aliyezoea kuuliza maswali mpaka afike kwenye mzizi. Hili hakuliuliza. Alimenya ile ndizi ya pili, akaigawa katikati, wakala.